Kata Ubao, Usiguse Kamera

Kamera yangu kubwa ilinifikia ikiwa na kovu. Ni Eastman View No. 2-D ya inchi 8 kwa 10, iliyotengenezwa Rochester, New York, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mvukuto wake ulikuwa mzima, kioo chake cha ukungu hakikuwa na ufa, na reli zake ziliteleza kama zimepakwa mafuta jana. Lakini kwenye fremu ya mbele, pale unapokaa ubao wa lenzi, mmiliki mmoja wa zamani alipitisha patasi. Bila shaka alikuwa na ubao uliozidi kidogo, na badala ya kuupunguza ubao akaichimba fremu. Kila ubao ninaotengeneza sasa lazima uzibe ile kona aliyoila, la sivyo mwanga unapenya. Alijiokolea dakika kumi, nami nalipa deni lake mpaka leo.

Nawaandikia waliorithi, walionunua au waliookota kamera ya aina hii wakakuta haina ubao, au ubao uliopo una tundu lisilolingana na lenzi waliyo nayo. Hali hiyo ni ya kawaida sana, kwa sababu kamera na lenzi zilizoishi pamoja miaka mingi huuzwa mbalimbali, na lenzi ikiondoka huondoka na ubao wake. Kifaa chenyewe ni kipande bapa chenye tundu. Mtu mwenye msumeno mkali, tupa na subira anaweza kukitengeneza kwa siku moja, ukiacha muda wa gundi na rangi kukauka. Sharti langu ni moja: pale vitu viwili vinapokataa kuingiana, kinachokatwa ni ubao. Ukiuharibu, utakata mwingine kesho. Fremu ya kamera iliyotengenezwa zaidi ya miaka 70 iliyopita haina duka la kuinunua.

Tuelewane kwanza ubao huu unafanya kazi gani. Unabeba lenzi, na lenzi kongwe za shaba ni nzito kuliko zinavyoonekana. Unazuia mwanga usipite popote isipokuwa ndani ya kioo cha lenzi. Tena unaishika lenzi ikiwa sambamba na filamu iliyo nyuma. Hili la tatu ndilo wengi wanalolipuuza. Chukua ubao wenye upana wa milimita 150: ukiinuka milimita 1 tu upande mmoja, lenzi nzima imelala karibu nyuzi 0.4. Ukipiga picha ukiwa umefungua lenzi yote, kona moja ya picha itakuwa laini na nyingine kali, nawe utalaumu lenzi ambayo haina kosa. Ubao uliopinda ni kasoro kubwa kuliko ubao wenye rangi mbaya.

Sasa vipimo. Ziko saizi zinazojulikana. Kamera za Sinar za Uswisi hutumia ubao wa milimita 140 kwa 140. Linhof Technika ya Ujerumani hutumia ubao wa karibu milimita 96 kwa 99, na tundu lake halikai katikati kabisa. Deardorff za Chicago za inchi 8 kwa 10 huchukua ubao wa inchi 6 kwa 6, na yangu hii ya Rochester vilevile. Lakini kamera za mbao zilitengenezwa na mikono ya watu, na baada ya hapo zimeishi kwenye joto, mvua, stoo na masanduku. Inchi 6 ya kamera moja si lazima iwe inchi 6 ya nyingine. Kwa hiyo soma saizi ya kitabuni ili ujue unaelekea wapi, kisha pima kamera iliyo mbele yako.

Usitumie futi kamba. Tumia kalipa, hata ile ya plastiki ya bei ndogo, upime mahali pa ubao sehemu tatu kwa upana na sehemu tatu kwa urefu. Mara nyingi utakuta tofauti, na kipimo cha kufuata ni kile kidogo zaidi. Halafu pima kina: kutoka uso wa fremu hadi pale ubao unapoegemea. Kamera nyingi za mbao zina mfuo chini, ambamo ubao unaingia kwanza, na kikomeo juu kinachoteleza kuubana. Ubao ukiwa mnene kupita kina hicho, kikomeo hakitafunga. Ukiwa mwembamba, utacheza, na ubao unaocheza hauwezi kukaa sambamba na kitu chochote. Kama umebahatika kuwa na ubao wa zamani, upime pia, lakini usiunakili ukiwa umefumba macho. Huenda nao ulikatwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Kabla ya kugusa mbao, kata kielelezo cha karatasi ngumu. Kava la kaunta buku linafaa sana, kwa kuwa ni gumu na halipindi upesi. Likate kwa wembe, liweke kwenye kamera, funga kikomeo, litoe, lipunguze, lirudishe. Karatasi itakufundisha mambo ambayo kalipa haikuyasema: kwamba kona moja ya fremu ina gundi kongwe iliyoganda, kwamba pembe haziko nyuzi 90 kamili, kwamba kikomeo kinahitaji pengo kidogo ili kiteleze. Kielelezo kikikaa sawasawa, kiandike upande wa juu na upande wa mbele kwa penseli. Usikitupe hata baada ya kumaliza, maana utakihitaji kwa lenzi ya pili, na anayependa kamera hizi haishii lenzi moja.

Kuhusu malighafi, ushauri wangu ni plaiwudi nzuri ya milimita 3, tabaka mbili zilizogandishwa pamoja. Plaiwudi imetengenezwa kwa karatasi za mbao zilizopishana nyuzi, hii ikielekea huku na ile ikielekea kule, hivyo haitanuki wala kusinyaa sana hewa inapobadilika. Tafuta ile isiyo na mapengo ndani. Itazame ubavuni, ukiona vishimo vyeusi kati ya matabaka, iache. MDF ni rahisi kukata na ni bapa kabisa, lakini ikinywa unyevu inavimba na hairudi, na vumbi lake laini litakuwa linakudondokea kwenye lenzi kila unapokaza nati. Bati la alumini la milimita 2 au 3 ni zuri mno kwa aliye na vifaa vya chuma. Mbao za lenzi za plastiki zilizochapwa kwa printa ya 3D zinavutia, ila tahadhari na plastiki ya PLA, ambayo hulainika ikikaribia nyuzi 60 za joto. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani mchana wa Dar es Salaam linaweza kuzifikisha pabaya, na lenzi nzito ikalala.

Na mbao zenyewe, za mti mzima? Zinapendeza kuliko vyote, nami ndiko nilikoanzia, na ndiko nilikopata somo. Nilichukua kipande cha mbao kwenye karakana moja ya Keko, kipande kilichobaki kwenye kitanda cha mtu, nikakata ubao wangu mwezi wa pili, wakati wa joto kavu. Uliingia kwenye fremu kwa kubana kidogo, nami nikafurahi, nikidhani kubana ndiko kuzuri. Masika ilipoingia ubao ulikunywa unyevu, ukatanuka ndani ya fremu, ukagoma kutoka. Nilipoulazimisha kwa bisibisi nilibonyeza ukingo wa fremu, na alama hiyo ipo mpaka leo jirani na kovu la yule mwenye patasi. Nilirudi Keko na kamera mkononi. Nilimsalimu mzee aliyenipa kile kipande, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba," akautazama ubao bila kuugusa. "Mwanangu," aliniambia, "uliukata kiangazi ukausahau masika. Mlango wa kabati huwa tunauachia nafasi, na huu wako ni mlango."

Maneno yale nimeyafanya kipimo. Ubao wa mti mzima unauachia nusu milimita kila upande, na unaziba pengo hilo kwa ngazi ya nyuma ambayo nitaieleza sasa hivi. Mbao hutanuka kwa upana wa nyuzi zake, si kwa urefu, kwa hiyo elekeza upana wa nyuzi upande ambao kamera ina nafasi ya kuvumilia. Kwa nyingi ni kutoka mfuo wa chini kwenda kwenye kikomeo, yaani nyuzi zikilala kutoka kushoto kwenda kulia. Chagua mbao iliyokauka kweli. Mninga ni chaguo jema sana, mafundi wanaupenda kwa sababu ukishakauka hausogei sana, tena unakatika vizuri kwa patasi. Mpingo sikushauri, pamoja na uzuri wake: ni mzito, ni mgumu kwa msumeno mdogo, na hupasuka kwa urahisi unapokauka.

Ngazi ya nyuma ndiyo siri ya kuzuia mwanga. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukiwa na pengo lililonyooka kutoka mbele hadi ndani ya mvukuto, hata liwe jembamba kama unywele, utapata ukungu kwenye filamu. Ukiulazimisha mwanga upinde kona, unakufa njiani. Kwa hiyo ubao mzuri una tabaka la mbele lenye saizi kamili ya mahali pake, na tabaka la nyuma dogo kidogo, linaloingia ndani ya uwazi wa fremu. Waliotengeneza zamani waliichonga ngazi hii kwenye kipande kimoja cha mbao. Sisi tunaipata kirahisi kwa kugandisha vipande viwili: kikubwa mbele, kidogo nyuma. Pima uwazi wa ndani wa fremu, ondoa milimita 1 kwa upana na milimita 1 kwa urefu, na hicho ndicho kipimo cha tabaka la nyuma. Kamera isiyo na uwazi wenye ukingo wa namna hiyo utaikuta na mfuo pande zote. Hapo ubao bapa unatosha.

Unapogandisha, tumia gundi nyeupe ya mbao, ipake nyembamba na sawasawa, kisha hakikisha tabaka la nyuma limekaa mahali pake hasa. Hapa kielelezo kinakusaidia tena. Njia niliyoizoea ni kuliweka tabaka la mbele kwenye kamera likiwa kavu, nikaingia na penseli kupitia nyuma, mvukuto ukiwa umefunguliwa, nikachora uwazi wa fremu ulivyo. Mchoro huo hauna ubishi. Baada ya kugandisha, bana vipande kati ya vioo viwili vinene au kati ya mbao mbili bapa zilizofunikwa nailoni, weka uzito juu, uache usiku kucha. Asubuhi uweke ubao juu ya kioo cha dirisha ubonyeze kona moja moja. Ukitikisika, umepinda, na ubao uliopinda usijaribu kuunyoosha kwa skurubu za lenzi. Anza mwingine.

Tundu sasa. Kwa lenzi zenye shata za karne ya 20, saizi zimekaa kwenye makundi matatu ambayo utayakuta mara nyingi. Shata ya Copal namba 0 inahitaji tundu la karibu milimita 34.6, namba 1 karibu milimita 41.6, na namba 3 milimita 65. Shata kongwe za Compur zinakaribiana na hizo, lakini si lazima zifanane kwa sehemu za milimita, basi pima uzi wa nyuma ya shata yako mwenyewe, halafu ongeza robo milimita.

Kutafuta kitovu ni kazi ya penseli na rula, lakini usikosee ni kitovu cha nini. Mistari miwili ya kukatisha kona kwa kona inakupa kitovu cha ubao. Unachotaka ni lenzi ikae katikati ya uwazi wa kamera, na vitu hivyo viwili havikutani kila mara, hasa kama mfuo wa chini ni mrefu kuliko nafasi ya kikomeo. Chora mistari hiyo kwenye tabaka la nyuma, lile linaloingia kwenye uwazi, na utakuwa salama. Kwa kamera kama Technika, ambako tundu limesogezwa makusudi, fuata ubao halisi wa kamera hiyo.

Mafundi wanaofunga vitasa wana misumeno ya duara ya kutobolea milango, na ukimkuta mwenye saizi iliyo ndogo kidogo kuliko unayotaka, mwombe akutobolee. Nasema ndogo kidogo kwa sababu tundu linapanuliwa, halipunguzwi. Toboa upande mmoja mpaka kibiti cha katikati kitokeze nyuma, geuza ubao, malizia upande wa pili, ili plaiwudi isichanike. Asiye na msumeno huo achore duara kwa bikari, atoboe vitundu vidogo mfululizo ndani ya mstari, avunje kipande cha katikati, kisha amalizie kwa tupa ya nusu duara. Inachukua saa nzima, na matokeo yake yanaweza kuwa mazuri kuliko ya mashine, kwa sababu unapima shata yako kila baada ya kupiga tupa mara chache. Msasa namba 120 uliozungushwa kwenye chupa unasawazisha duara vizuri.

Kuna kikwazo kinachowashangaza wengi hapa. Umetoboa, shata imeingia, lakini pete ya kukaza ya nyuma haishiki uzi. Ubao wako una milimita 6, na uzi wa shata ni mfupi. Ulitengenezwa kwa ajili ya ubao wa bati la milimita 2 au 3. Usijaribu kuukonda ubao wote. Punguza unene kuzunguka tundu tu, upande wa nyuma, kwa kuchonga bonde la duara lenye upana wa pete na nafasi ya kuizungushia. Ukitumia tabaka mbili kama nilivyoshauri, kazi hii imekwishafanyika nusu: toboa tabaka la nyuma tundu kubwa kabla ya kuligandisha, tabaka la mbele tundu la saizi ya shata, na bonde linajitokeza lenyewe. Fikiria jambo hili mapema, kabla ya gundi.

Angalia pia kama nyuma ya shata kuna kipini au skurubu ndogo iliyojitokeza. Hiyo huzuia shata isizunguke ubaoni unapovuta vidude vyake. Unaweza kuitobolea kishimo chake kwenye ubao, nami nakushauri ufanye hivyo. Wengine huitoa, ukiitoa, ifunge kwenye kibahasha na uiandike jina.

Rangi inahitaji uangalifu kuliko inavyodhaniwa. Uso wa mbele unaweza kuupaka vanishi ukaonyesha uzuri wa mninga wako, lakini upande wa nyuma, kingo na ukuta wa ndani wa tundu lazima viwe vyeusi visivyong'aa. Mwanga unaoingia kwenye lenzi hauendi wote kwenye filamu. Mwingine unapiga kuta za mvukuto, unarudi mbele, unagonga mgongo wa ubao na kurejea tena, na ubao unaong'aa unakunyang'anya weusi wa picha. Rangi ya ubao wa shule, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya madarasa, inafaa hasa: ni nyeusi, haing'ai, na inashika mbao. Paka mara mbili nyembamba, sugua kwa msasa laini katikati. Na hata kama umechagua vanishi mbele, hakikisha pande zote mbili zimezibwa kwa kiasi sawa. Ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande mwingine na kupinda kama ganda. Kisha uache siku kadhaa mahali penye hewa kabla ya kufunga lenzi, mpaka harufu ya rangi iishe kabisa. Mvuke wa rangi mbichi hauna kazi nzuri karibu na kioo.

Kufunga lenzi kunataka meza safi na kitambaa laini chini. Fungua nusu ya nyuma ya lenzi kwa mkono, toa pete ya kukaza, pitisha shata kwenye tundu kutoka mbele, rudisha pete, kaza, rudisha kioo. Ukikuta kipete chembamba kama karatasi kati ya kioo na shata, kirudishe pale pale kilipokuwa. Kiliwekwa kiwandani ili umbali wa vioo uwe sahihi, na kukipoteza ni kuiharibu lenzi. Pete ya kukaza ina vijipengo viwili, na spana yake inauzwa, lakini bapa la chuma gumu ukilipigia tupa meno mawili kwa umbali wa vijipengo hivyo linafanya kazi ileile. Bisibisi usiitumie hapa. Ikiteleza mara moja inatua kwenye kioo cha nyuma.

Lenzi za shaba zisizo na shata zina njia yake, na ndizo ninazozipenda zaidi. Muundo wa lenzi za picha za watu aliouchora Joseph Petzval mwaka 1840 ulinakiliwa na viwanda vingi vya Ulaya, na nyingine bado zinazunguka kwenye mikono ya watu. Zinakaa ubaoni kwa flanji, pete ya shaba yenye uzi ndani na matundu ya skurubu pembeni. Ukiwa na flanji, kazi ni nyepesi: toboa, kaza skurubu fupi zisizotokeza nyuma, zungushia lenzi. Tatizo kubwa ni kukuta lenzi haina flanji yake, kwa kuwa nyuzi za zamani zilikuwa za kila kiwanda kivyake, na flanji ya lenzi nyingine haitaingia. Kama una fundi wa mashine ya kukerezea vyuma, mpelekee lenzi apime uzi na kukukerezea pete mpya. Gharama hiyo ina maana kwa lenzi nzuri. Kama hakuna, tengeneza tundu linaloshika kabisa ganda la lenzi nyuma ya uzi wake, uvishe ukanda wa ngozi laini ndani ya tundu, na nyuma yake weka kola ya plaiwudi iliyopasuliwa sehemu moja, yenye skurubu ya kuibana. Uzi wa lenzi usiuguse kwa tupa wala kwa gundi ya epoksi. Siku moja flanji yake inaweza kupatikana.

Lenzi za namna hii zikiwa nzito, fremu ya mbele itainamisha kichwa. Ongeza tabaka la tatu la plaiwudi kuzunguka flanji, na ukipiga picha ishikilie lenzi kwa chini kwa kijiti chenye pembe kilichosimama kwenye reli ya kamera.

Ukishafikisha lenzi tatu au nne, utachoka kukata mbao kubwa. Hapo tengeneza ubao mmoja mkubwa wa kudumu wenye dirisha la mraba katikati, na mbao ndogo zinazoingia humo, zikishikwa na vipande viwili vya shaba vinavyozunguka kwenye skurubu. Mbao ndogo ukizikata kwa saizi ya Linhof Technika, zitaingia pia kwenye kamera nyingine nyingi zinazokubali saizi hiyo, na lenzi zako zitahama nawe. Ngazi ya kuzuia mwanga inahitajika pia kwenye dirisha hili. Mimi nilichelewa kufanya hivi, na natamani ningeanza nao.

Ipo hali ambayo ubao bapa hautoshi. Lenzi ya milimita 300 inahitaji mvukuto uvutike milimita 300 ili ione mbali, na ukitaka kupiga kitu kwa saizi yake halisi inahitaji milimita 600. Mvukuto wako ukiwa mfupi, ubao wa kisanduku unakuongezea: kuta nne za plaiwudi zenye kina cha milimita 50 au zaidi, ubao wa lenzi mbele, ubao wa kamera nyuma, vyote vimegandishwa na kupakwa weusi ndani. Pembe za kisanduku zipime kwa guniya kila hatua, kwa sababu kila kosa dogo la pembe linaongezeka urefu ukiongezeka.

Kazi ikiisha, ingia kwenye chumba cha giza kabisa. Weka tochi ya simu ndani ya mvukuto, funga nyuma ya kamera, ziba lenzi kwa kofia yake, kisha kaa kimya dakika 10 macho yazoee. Zungukia ubao polepole ukiangalia kutoka kila pembe, juu, chini, ubavuni. Ukiona mstari wa mwanga, bandika ukanda mwembamba wa mahameli nyeusi kwenye ngazi ya nyuma, upande ule tu unaovuja, ujaribu tena. Sitaki utumie sponji. Kwenye joto la pwani huoza, inageuka ulimbo na kunata kwenye mbao za kamera.

Kisha bandika gazeti ukutani, simamisha kamera mbele yake ikiwa imenyooka, fungua lenzi yote, na usome herufi za kona nne kwenye kioo cha ukungu kwa kikuza. Kona zote zikiwa kali sawasawa, ubao wako umekaa. Kona mbili za upande mmoja zikififia, geuza ubao juu chini kama kamera inaruhusu. Ufifu ukihamia upande wa pili, kosa liko kwenye ubao. Ukibaki palepale, kosa liko kwenye fremu au kwenye namna ulivyoisimamisha kamera, na hapo ubao usiuguse.

Kwa picha ya kwanza huna haja ya filamu ya bei kubwa. Kata karatasi ya kusafishia picha kwa saizi ya kamera, chini ya taa nyekundu, uipakie kama filamu. Wepesi wake wa mwanga ni mdogo, karibu ISO 6, kwa hiyo kwenye jua kali na lenzi ikiwa f/45 utahitaji kama sekunde 1 na robo. Muda huo unaweza kuupima kwa kofia ya lenzi mkononi, bila shata yoyote. Piga kitu chenye kivuli kizito pembeni na anga jeupe katikati. Ukishaisafisha, itazame kwenye kingo: mistari au madoa meusi ambayo hayamo kwenye mandhari ni mwanga uliopita kando ya ubao. Pasipo na hayo, andika nyuma ya ubao kwa penseli jina la lenzi, kipenyo cha tundu na mwezi ulioukata.